Masale Yaliyotembea

Mama alipoanza kusema kwamba jirani anasogeza masale, hakuna aliyeshtuka. Huku kwetu kwenye miteremko ya Meru, mtu asiyelalamikia mpaka wake ndiye wa kupimwa akili. Ardhi ni finyu, migomba imebanana na kahawa, kahawa imebanana na nyumba, na kati ya shamba na shamba hakuna ukuta wala seng'enge. Kuna mstari wa masale tu, ile mimea ya majani marefu ambayo waliotutangulia waliipanda iwe shahidi. Tatizo la shahidi huyu ni kwamba ukimng'oa na kumchomeka pembeni, anashika mizizi na kuendelea na maisha kama vile hapo ndipo alipozaliwa.

Siku hiyo nilikuwa nakoroga mtori wa ndizi, na nilimjibu mama kama mtu anavyojibu habari za mvua.

"Yamesogea wapi, mama?"

"Upande wetu. Hatua nzima."

"Yamesogezwa saa ngapi, sisi tupo hapa kutwa?"

"Mchana, baba. Wewe ukiwa umelala."

Hapo alinipata, maana ni kweli mchana huwa nalala.

Niseme mapema mimi ni mtu wa aina gani, usije ukanitarajia makuu. Ni kitinda mimba. Kwa mila zetu nyumba ya mama hubaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume, na mama akabaki humo naye. Wengine huupokea huo kama urithi. Mimi niliupokea kama ruhusa ya kutotoka. Baada ya kidato cha nne nilijaribu mji. Nilipanga chumba Kaloleni, nikauza viatu vya mtumba karibu na uwanja wa mpira, na baada ya muda usiofaa kutajwa nikarudi na godoro lilelile nililoondoka nalo, pamoja na viatu viwili visivyofanana ambavyo mpaka leo navaa bandani. Tangu hapo nakamua ng'ombe, nalisha kuku, napika. Kaka yangu, ambaye mji ulimkubali akajenga nyumba Olasiti, akipiga simu huanza kwa kuuliza, "Mke wa mama hajambo?" Namjibu kwamba mke wa mama hajambo, ila hajanunuliwa kitenge mwaka huu.

Mama alikuwa anakaribia sabini. Masikio yalikuwa yameanza kuchoka, lakini kingine chote kilikuwa imara: mgongo, meno, na ulimi zaidi ya vyote. Jirani anayesemwa alikuwa mwanamke wa umri wake, mjane kama yeye. Walipata kipaimara pamoja, wakaolewa mashamba yanayopakana, na kwa miaka yote niliyoishi niliwaona wakienda kukata majani ya ng'ombe wakiwa wameongozana, wakitaniana njia nzima. Mimi namwita mama mkubwa. Yeye ananiita mtoto wa jikoni.

Mama alipoendelea kulalamika, nilimpigia kaka, kaka akampigia mshili, yaani kiongozi wa ukoo, na Jumamosi moja wanaume wakaja na kamba. Mama alisimama mpakani amefunga kanga kifuani, akieleza bila kigugumizi. Alionyesha hili lilikuwa hapa, na lile lilikuwa nyuma ya mti ule wa kahawa uliokatika. Alieleza vizuri mno. Mama mkubwa alisimama upande wake, mikono kiunoni.

"Mimi nisogeze masale?" alisema. "Kwa mgongo upi? Nikiinama kuchukua yai la kuku naomba msaada!"

Watu walicheka, kisha wakapima. Sasa ukipima mpaka wowote huku kwetu utakuta umepinda, kwa sababu aliyeupanda alikuwa anakwepa jiwe, au shina, au alikuwa anaongea na mwenzake huku anapanda. Kamba ilinyooka, masale hayakunyooka. Wanaume wakatikisa vichwa kwa uzito unaostahili. Wakaamua masale machache yang'olewe, yarudishwe hatua moja upande wa jirani.

Tukashinda. Nilipika loshoro, mahindi laini na mtindi kutoka kwa ng'ombe wangu mwenyewe, wanaume wakala wakasifu. Mama mkubwa alikataa kula. Alisema tu akiondoka, "Chukueni hiyo hatua, mjenge ghorofa." Sisi tulidhani amenuna kwa sababu amekamatwa. Ndivyo tulivyo: ukitujia na mpaka tunaleta kamba, na hakuna kati yetu aliyefikiria kumwangalia aliyelalamika.

Wiki haikuisha. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, akasimama ghafla na kuitazama migomba.

"Wameyarudisha," alisema. "Na sasa wanacheka."

"Nani wanacheka, mama?"

"Si hao. Yule na wenzake. Wananisema kila ninachofanya. Nikichambua mchele wanasema sasa anachambua mchele. Nikifunga kanga wanasema sasa anafunga kanga. Huwasikii?"

Nilisikiliza. Niliwasikia kuku, na maji ya mfereji. Nilitamani sana kusikia jirani anacheka.

"Siwasikii," nilisema.

Aliniangalia kwa huruma. Alidhani mimi ndiye ninayeanza kuziba masikio.

Baada ya hapo mambo yalikuja moja baada ya jingine, polepole, kiasi kwamba kila moja nililizoea kabla ya lijalo. Aliziba kwa matambara nafasi zote kati ya ukuta na bati, kwa sababu jirani anapitisha moshi. Alihamisha kitanda kikawa katikati ya chumba, mbali na kila ukuta. Aliacha kwenda kanisani kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kinamtaja. Chai aliinywa baada ya mimi kuonja, na kwa kuwa alitaka nionje tena ikishamiminwa, na tena ikishatiwa maziwa, nilinenepa. Utani wetu wa zamani ulikufa. Nilikuwa nikimtania anacheka. Sasa nikimtania ananikazia macho akitafuta nani amenituma.

Wanawake wa kanisani walikuja kumwombea. Waliomba kwa moyo, nawashukuru. Lakini walipokuwa wanatoka nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba hivi haviji bure, kuna mtu, na wote wawili wakageuza shingo kutazama migomba ya jirani. Huyo ni mwanamke mzee, mjane, anaishi peke yake. Kila mtu nchi hii anajua neno linalofuata likishaanza kunong'onwa juu ya mwanamke wa hivyo. Nilijua pia. Nikarudi ndani, nikaosha vikombe.

Halafu mama akachukua panga.

Ilikuwa mchana kweupe na nilikuwa nimelala, kama kawaida ya shujaa. Niliamshwa na mlio wa kukata. Nilitoka mbio na aproni yangu ya maua na vile viatu visivyofanana, nikamkuta mama anafyeka masale ya mpakani, anayakata chini kabisa, anahema, anazungumza na mtu. Upande wa pili, karibu mno, alisimama mama mkubwa. Hakurudi nyuma wala kupiga kelele.

"Kata," alikuwa anamwambia. "Kata yote. Ukimaliza uje tunywe chai, utakuwa umechoka."

"Waambie wanyamaze!" mama alilia. "Waambie wanyamaze basi!"

"Nitawaambia."

"Sasa hivi!"

Mama mkubwa aligeuka, akaitazama migomba yake iliyokuwa haina mtu, akasema kwa sauti, "Nyamazeni!" Mama alisikiliza kidogo, panga juu. Kisha akalitupa, akakaa chini kwenye majani yaliyokatwa, akalia kama ambavyo sijawahi kumwona akilia hata siku tuliyomzika baba. Nililiokota panga. Mama mkubwa aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni, aproni, viatu.

"Umevaa vizuri," alisema. "Mpeleke ndani."

Jioni hiyohiyo kaka alikuja na gari. Hakutania. Alisema mama anakwenda Olasiti na hatarudi huku, kwa sababu safari ijayo kitakatwa kitu kisichochipua. Alikuwa sahihi. Lakini mama hakuwa na kwao kwingine. Alikuja shamba lile akiwa bibi harusi, aliwazaa watoto kwenye chumba kile, baba amelala chini ya migomba ile. Gari lilipoondoka hakuuliza wanampeleka wapi. Aliniuliza mimi, kupitia dirishani, kama nimemfunga ndama.

Olasiti kwa kaka kuna vigae, ukuta wa tofali kuzunguka nyumba, geti, na hakuna isale hata moja. Siku za mwanzo mama alitulia, na kaka akaanza kunipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeshinda. "Unaona? Ilikuwa ni yule jirani tu. Amebadilisha mazingira, basi." Nilienda kumwona. Tulikuwa tumekaa sebuleni, tunakula, mama akaweka kijiko chini na kutazama dari.

"Amefika," alisema.

"Nani, mama?" kaka aliuliza.

"Yule. Yuko huko juu na wenzake."

Kaka alicheka. "Amekujaje mpaka Olasiti, na ule mgongo wake?"

"Kwa bodaboda," mama alisema, kama anajibu swali la mtoto.

Kaka alicheka tena, kidogo, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Aliitazama dari yake mpya ya jipsamu. Mimi nilimtazama yeye, na nikaona anafika pale nilipokuwa nimefika peke yangu siku ya mchele. Mpaka haukuwa mlimani. Tulikuwa tumepima kwa kamba kitu kilichokuwa kwingine kabisa.

Kesho yake tulimpeleka hospitali. Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa binti, angeweza kuwa mjukuu wake, na alianza kwa shikamoo. Mama aliitika marahaba, akajiweka sawa kwenye kiti. Aliulizwa tarehe, akaitaja. Aliulizwa majina ya watoto na wajukuu, akayataja kwa mpangilio wa kuzaliwa pamoja na nani aliugua surua. Akafanya hesabu za kichwani ambazo mimi, na kidato changu cha nne, nilikuwa bado nazifuatilia kwa vidole chini ya meza. Kusahau hakukuwa shida yake. Mama alikumbuka kila kitu, pamoja na ambavyo havikutokea.

"Mama," daktari alisema, "huwa unasikia watu wakiongea, ambao wengine hawawasikii?"

"Kwani wewe huwasikii?"

"Siwasikii. Lakini naamini kwamba wewe unawasikia, na naona wanakuchosha."

Mama alimtazama usoni. Halafu akasema, "Wananichosha sana, mwanangu." Nilikuwa nimekaa naye miezi yote hiyo nikimwambia hakuna mtu, mama, hakuna mtu. Sikuwahi kumuuliza kama amechoka.

Kule koridoni daktari alitutajia jina la ugonjwa, skizofrenia. Kaka alibisha. Alisema huo si ugonjwa wa vijana, wa wavuta bangi? Daktari alisema wengi huanza nao ujanani, ila kuna wanaoanza nao wakiwa wazee, zaidi wanawake, na mara nyingi ni watu ambao masikio yao yameshapungua na wanakaa muda mrefu peke yao. Alisema si laana na si kosa la mtu. Alimpa vidonge, dozi ndogo ya mzee, na akatuandikia aonwe na wa masikio pia. Mwisho alisema, "Msibishane naye, na msimwambie kwamba ni kweli." Kaka aliuliza sasa tumwambie nini. Daktari alitabasamu kwa uchovu. "Mwambieni mambo mengine."

Mama alivikataa vidonge. Hakugombana, alivifunga tu kwenye pindo la kanga na kusema atavimeza siku yule jirani atakapomletea isale.

Hili nalo lazima nilieleze. Huku kwetu jani la isale ndilo la kuombea msamaha. Unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea, na akishaliona hana ruhusa ya kukataa. Hata damu imewahi kumalizwa hivyo. Mama alikuwa anataka kesi yake imalizwe kihalali. Kaka alisema haiwezekani, mwanamke yule akileta isale mlima mzima utasema amekiri uchawi. Tukakaa na hilo. Vidonge kwenye pindo, mama kwenye kiti anatazama dari, mwili unapungua, maana chakula cha mke wa kaka nacho alianza kukitilia shaka. Kaka aliniambia, "Nenda wewe. Wewe ndiye unayejua kuongea na wanawake wazee." Sijui kama ilikuwa dharau au sifa. Nilikwenda.

Mama mkubwa alikuwa anamenya ndizi. Nilisalimia, nikakaa, nikachukua kisu nikasaidia, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo unapata nguvu. Nikamweleza ugonjwa. Nikamweleza na isale.

"Niombe msamaha wa kosa gani?"

"Hakuna kosa, mama mkubwa."

"Lakini niombe."

"Ndiyo."

"Wa kusogeza mpaka. Mimi. Mpaka mlionisogezea nyie!" Alicheka mpaka akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na hakuacha kuyafuta hata kicheko kilipoisha. "Mama yako alikuwa akinisema barabarani kila siku. Eti nakata majani kama napiga mswaki. Sasa hivi naenda kukata peke yangu, hakuna wa kunisema. Unajua jinsi njia ile ilivyo ndefu?"

"Watu watasema vibaya, ukileta."

"Wameshasema. Wewe unadhani sisikii? Mimi masikio yangu mazima." Alimenya ndizi nyingine. "Mtoto wa jikoni, unamenya maganda manene. Utatumalizia chakula."

Jumapili alishuka Olasiti baada ya ibada, amevaa kitenge cha umoja wa wanawake, jani limefungwa fundo ndani ya leso. Mama alipomwona alishika mikono ya kiti. Mama mkubwa alitembea polepole juu ya vile vigae kama anavuka mto, akapiga goti kwa shida, akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Nilikuwa na hofu kwamba atakiri.

"Nimekuja kukuomba msamaha," alisema. "Uliugua, na mimi nikanuna nyumbani kwangu. Sikuja kukuona. Nisamehe, mwenzangu."

Mama alilitazama jani. Aliitazama dari, akasikiliza. Halafu akalipokea.

"Na mpaka?"

"Mpaka tutauangalia ukirudi. Ninyanyue kwanza, mgongo huu."

Mama alimnyanyua. Kisha akafungua pindo la kanga, akaomba maji.

Sisemi kwamba kuanzia hapo ilikuwa sherehe. Vidonge vilimfanya mzito, analala ameketi, mikono ikawa inatetemeka mpaka daktari alipopunguza dozi. Alipewa kifaa cha sikio ambacho anakivaa siku za kwenda kliniki ili daktari afurahi. Lakini wale watu waliteremsha sauti. Mama alisema wamehamia mbali, wananong'ona tu. Daktari alisema sawa, arudi kwake, mradi mtu yupo wa kumpa dawa kila jioni. Wote waliniangalia mimi. Kazi ya kutokwenda popote hatimaye ikapata mwombaji mwenye sifa.

Kabla hajarudi nilifanya kitu kimoja. Niliyang'oa yale masale ya ushindi wetu, ambayo yalikuwa yameshachipua upya, nikayarudisha yalipokuwa, kwenye ule mstari uliopinda wa zamani, mchana, na mama mkubwa amekaa upande wake ananisahihisha. Nilidhani nimetenda haki. Sikufikiria kwamba anayerudi ni mama.

Alishuka garini, hata hajaingia ndani, akaenda moja kwa moja mpakani. Akasimama.

"Yamesogea."

Kaka alinikonyeza: mwambie mambo mengine. Lakini yalikuwa yamesogea. Ningesema hayajasogea ningemnyang'anya hata hicho kidogo alichokiona kwa macho yake.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Nimeyasogeza mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Mchana."

Alinitazama, kisha akamgeukia kaka. "Si nilisema kuna mtu anayasogeza?" Akaingia ndani kutafuta kigoda chake. Kaka alicheka hadi akaegemea gari, na mimi nikacheka, lakini nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilicheka nimekaa chini.

Sasa siku zinafanana. Asubuhi nakamua, jioni nampa kidonge pamoja na loshoro, naonja kwanza bila kuombwa. Kuna siku mbaya ambazo matambara yanarudi ukutani, nami nayatoa akilala. Kuna siku anaamka ananitania aproni yangu, na siku hiyo kazi zote zinakuwa nyepesi. Watu njiani wananiuliza, "Mama amepona?" Nawaambia yupo nyumbani. Sina jibu jingine, na hilo ndilo tulilokuwa tunalipigania.

Juzi tulikuwa tumekaa nje, yeye anachambua mchele. Sauti ikatoka ng'ambo ya masale, ikiita jina lake. Mikono yake ilisimama kwenye ungo. Hakuitika. Alinigeukia mimi kwanza.

"Huyo, na wewe unamsikia?"

"Namsikia, mama."

"Kweli?"

"Kweli. Anauliza kama utakwenda kukata majani."

Aliendelea kunitazama usoni kidogo, akipima. Kisha akaweka ungo chini.

"Basi mwambie aje anywe chai kwanza," alisema. "Na wewe uongeze maji kwenye sufuria, usikae tu."